Benchi la Kusubiria Maji

Mtaa mzima ulimwita Katibu, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Alikuwa katibu muhtasi wa ofisi moja ya serikali kwa zaidi ya nusu ya maisha yake, akastaafu, akabaki Area D, Dodoma, katika nyumba ya vyumba vitatu yenye uwanja wa saruji, tenki jeusi la maji lililowekwa juu ya nguzo za matofali, na bomba moja chini yake. Sijui alizaliwa wapi wala watu wake ni akina nani. Kazi yangu ni kuuliza maswali, lakini kwa miaka minne niliyopanga nyumba ya pili kutoka kwake, kila nilipolikaribia swali la namna hiyo aliniuliza yeye: "Nakala kwa nani?" Alitaka kujua nikishaambiwa nitampelekea nani. Nilikuwa mwandishi wa redio, kwa hiyo sikuwa na jibu zuri.

Ukiingia getini kwake, kitu cha kwanza kuona ni benchi. Lilikuwa refu, la mninga, limeng'aa katikati kwa sababu ya watu waliolikalia. Benchi hilo lilitoka ofisini. Miaka yote ya kazi yake liliegemea ukuta mbele ya meza yake, na kila aliyetaka kumwona mkubwa alilikalia kwanza. Viti vya chuma vilipoletwa, benchi likapelekwa kwenye mnada wa vifaa chakavu, na aliyelinunua ni yeye.

"Wangelifanya kuni," aliniambia. Kisha akaongeza: "Mtu anayesubiri ndiye anayezungumza. Akishaingia kwa mkubwa anasema alichokuja kusema. Pale nje ndipo anaposema mengine."

Hayo mengine aliyasikiliza mpaka siku aliyokabidhi funguo. Walimkatia keki, wakampa saa ya ukutani, wakapiga naye picha. Kilichofuata alinisimulia mara moja tu, akiwa amenipa mgongo anaanika nguo. "Kesho yake niliamka, nikavaa, nikapaka na mafuta ya mdomo. Nikakaa mezani mpaka saa nne. Ndipo nikajiuliza, namsubiri nani?"

Kutengeneza karatasi alianza wiki hiyohiyo. Karatasi ya kwanza kabisa aliyoichana, akailoweka na kuiponda, ilikuwa barua yake ya kustaafu. Niliposikia nilishtuka, nikamuuliza kama hakuihitaji kwa ajili ya mafao.

"Nilichana nakala," alisema. "Halisi ipo kwenye faili. Mimi si mwehu."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ofisini kwake kwa zamani walimpa magunia ya karatasi zilizokwisha kazi: rasimu, ratiba za vikao vilivyopita, fomu zilizokosewa. Zilichanwa kwa mkono vipande vidogo, zikalala kwenye ndoo usiku kucha, asubuhi zikapondwa kwenye kinu mpaka zikawa uji mzito. Uji ule aliumwaga kwenye beseni pana la maji, akaukoroga, kisha akazamisha fremu ya mbao iliyowambwa wavu wa dirisha. Alipoiinua, maji yalichuruzika na juu ya wavu ukabaki utando mweupe. Utando huo aliugeuzia juu ya shuka kuukuu, akaukandamiza kwa ubao, akaubandika kwenye bati lililoegemezwa ukutani. Jua la Dodoma lilimaliza yaliyobaki. Mwezi wa saba, upepo unapovuma, karatasi iliyobandikwa asubuhi ilikuwa tayari kabla ya chakula cha mchana, na mara nyingi ilikuja na vumbi jekundu ndani yake. Vumbi hilo hakulipangusa. Alisema wapo wanaonunua rangi dukani, na hapa rangi inaletwa mlangoni bure.

Wakati huo hakuwa na mteja hata mmoja. Ilikuwa kazi ya kupitisha mchana. Alitengeneza kadi, bahasha, vijisanduku vya kuwekea pete, akavipanga kabatini, akawapa watu.

Kazi ya namna hiyo inakula maji, na mtaani kwetu maji ya bomba yalitoka siku mbili kwa wiki, wiki nyingine siku moja. Katibu alikuwa na tenki kubwa kuliko la mwingine yeyote mtaani. Siku za ukame wa mabomba, majirani walikuja kwake na ndoo, na hakumkatalia mtu. Sharti lilikuwa moja: ndoo yako ikiwa chini ya bomba, wewe unakaa kwenye benchi na kuchana karatasi.

Na bomba lile lilikuwa na taabu yake. Maji yalitoka membamba kama penseli. Ndoo ya lita ishirini ilijaa kwa muda ambao msusi hodari angemaliza mistari mitatu ya nywele. Kwa hiyo benchi halikukosa watu wanne au watano, na gunia la karatasi katikati yao.

Kiongozi wa benchi alikuwa Mama Yeriko, Mgogo wa pale pale, muuza mlenda mkavu sokoni, mwenye sauti ya kusikika mpaka barabara ya lami. Alifika na salamu yake ya kwao, "Mbukwenyi!", hata kama ni Katibu peke yake aliyekuwepo, na salamu hiyo ni ya watu wengi.

"Sisi wangapi hapa?" Katibu aliuliza.

"Wewe na karatasi zako," alijibu Mama Yeriko, akitega ndoo. "Katibu, hili bomba lako linakojoa kama babu."

"Lina haki ya kuzeeka. Chana."

"Ofisini nako mlikuwa mnawawekea watu maji hivi hivi, tone tone? Ndiyo maana faili la kiwanja changu halijatoka mpaka leo."

"Faili lako liliondoka mezani kwangu zima. Muulize aliyekuwa ndani."

Benchi zima lilicheka. Katibu hakucheka, ila alikunja midomo, na nilikuja kujua kwamba hicho ndicho kicheko chake.

Kuchana nako kulikuwa na mafunzo. Mkasi aliupiga marufuku. Alisema unakata nyuzi, na karatasi isiyo na nyuzi ndefu haina mfupa. Alituonyesha pia kwamba karatasi ina upande wake: ukiichana kwa urefu inakwenda moja kwa moja, ukiichana kwa upana inakukwepa. Alitufundisha kuanza na upande unaokubali. Mimi nilikuwa na mikono ya haraka, ya mtu anayewahi taarifa ya saa saba. "Mwandishi," aliniambia, "unachana kama anayekimbizwa. Nani yuko nyuma yako?"

Alikuwa na tabia moja iliyonishangaza. Kila gunia lilipofunguliwa, aligeuza karatasi zote zikae uso chini kabla hajatugawia. Yeye mwenyewe hakuzisoma. Niliwahi kuigeuza moja, kwa mazoea ya kazi yangu, nikaona mstari mmoja tu kabla mkono wake haujatua juu yake. Hakunifokea. Aliichukua, akaichana yeye, vipande vidogo kuliko kawaida. Lakini mtu huyo huyo asiyesoma barua ya mwingine alisoma nyuso bila haya. "Mama Yeriko, leo hukula." "Mwandishi, umegombana na mkubwa wako." Alikuwa hakosei, na ukikana alikusukumia tu rundo jingine la kuchana.

Hakupatana na nafsi yake katika mambo mengine pia. Alitengeneza kadi nzuri za harusi kuliko zote nilizowahi kuona, lakini harusini hakwenda, hata akialikwa kwa kadi ya mkono wake. Msibani alikwenda kwa watu asiowafahamu. Yeyote wa mtaani aliyekuwa anakwenda kwenye msiba alipitia kwake kuchukua bahasha ya rambirambi, kwa sababu hakupenda kuona mfiwa akipewa kitu kwenye ngumi iliyokunjwa. Bahasha hizo zilikuwa za kijivu, bila pambo, na alizipiga pasi zikiwa bado na unyevu kidogo ili zisikunjamane. Saa waliyomuaga nayo kazini aliitundika sebuleni bila betri. Alisema inapendeza, lakini hataki kusikia mlio wake.

Biashara nilianzisha mimi. Niseme hivyo wazi, kwa sababu wakati ule nilijivunia.

Mwenzangu wa kazini alikuwa anaoa. Kamati yake ilikuwa imechoka na kadi za kuchapisha zinazofanana zote, nikapeleka tatu za Katibu kwenye kikao. Zilizungushwa mkono kwa mkono, watu wakizipapasa kama kitambaa. Nikatoka pale nimeshaamua. Nilimkuta uwanjani, peke yake, benchi tupu. Ilikuwa siku ya maji kutoka, na siku za maji kutoka hakuna aliyekuja.

"Katibu, kitu hiki watu wanakinunua."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni kizuri."

"Walikuwa wanapewa bure, na kilikuwa kizuri vile vile."

"Utapata wateja wengi. Watu watakujua mji mzima."

Aliendelea kubandua karatasi kwenye bati. "Watakuja hapa?" aliuliza.

"Watakuja," nilisema.

Swali hilo nimelikumbuka mara nyingi baadaye. Nililijibu bila kulisikia.

Nilizipiga picha kadi zake zikiwa juani, nikazirusha kwenye makundi ya simu na kufungua ukurasa. Chini ya kila picha niliandika: Agiza kwa simu, tunakuletea popote ulipo. Nilidhani ndiyo huduma bora. Oda zikaja. Zikaja za kamati za harusi, za wafanyakazi wa Bunge waliotaka kadi za kuagana, za wanafunzi wa chuo waliotaka vijisanduku vya zawadi siku ya mahafali. Dereva wa bodaboda alifika getini, akapiga honi, akapokea mfuko, akaondoka bila kuzima pikipiki.

Kinu hakikuweza tena kuifuata kasi hiyo, nikamletea blenda kubwa, zawadi. Ilimeza karatasi zilizokuja zimekatwa tayari kwa mashine ya ofisini na kutoa uji laini ndani ya dakika. Halafu nikaona maji ndiyo yanayomchelewesha, nikamwita fundi bomba. Nilijua kuna kutu au mchanga. Fundi alifungua, akachungulia, akashuka hadi kwenye bomba linalotoka kwenye tenki, nyuma ya nguzo ya matofali, akarudi anajifuta mikono.

"Dada, bomba halina ugonjwa. Kuna koki pale nyuma ilikuwa imefungwa nusu. Nimeifungua yote."

Maji yalitoka kwa kishindo, ndoo ikajaa nikiwa bado natafuta pesa ya kumlipa. Nilimwita Katibu aje aone. Alisimama mlangoni, mikono ndani ya aproni, akaitazama ndoo ikifurika.

"Imefunguka," alisema. "Basi."

Nilidhani ni uchovu.

Baada ya hapo benchi lilianza kukauka. Hapakuwa na ugomvi wowote. Ingekuwa ugomvi ningeweza kuusuluhisha. Watu walikuwa na adabu tu. Siku ya kwanza baada ya koki kufunguliwa, Mama Yeriko alitega ndoo, ikajaa kabla hajapata karatasi ya pili, akaona aibu kuendelea kukaa. Wiki iliyofuata alituma mtu na ndoo. Wiki ya tatu nilimkuta barabarani amejitwisha maji aliyonunua kwa muuza mkokoteni.

"Mama Yeriko, mbona unapita mlango wa Katibu?"

"Yule sasa ana kazi, mwanangu. Maji yale ni mtaji wake. Nitakwendaje kuchota mtaji wa mtu?"

"Hajakukataza."

"Ndiyo maana siendi. Asiyekukataza unamwonea haya."

Bahasha za rambirambi nazo zilikuwa vivyo hivyo. Katibu hakuziuza hata siku moja, aliziweka kwenye trei yake karibu na mlango kama kawaida. Lakini watu walishaona bei ya kadi kwenye simu zao. Kitu kikishakuwa na bei, kukiomba bure ni kujidhalilisha, na kukinunua kwa jirani yako siku ya msiba nako hakufai. Wakachagua kutoingia. Trei ilikaa imejaa. Kila mmoja alimhurumia muda wake, na Katibu akabaki nao wote.

Nilipomtembelea jioni nilimkuta anakoroga beseni peke yake, kituo changu cha redio kikisikika ndani. Nilimwambia biashara inakwenda vizuri. "Inakwenda," alikubali. Alikuwa amekaa kwenye kigoda. Benchi lilikuwa limejaa mifuko ya oda, imepangwa kwa majina, imenyooka, kila mmoja na karatasi yake ya namba. Ilikaa pale kama watu, ila haikusema kitu.

Kisha kadi zikaanza kuvunjika. Karatasi ya blenda ilikuwa laini, ya kupendeza kwa macho, lakini ukiikunja ilipasuka kwenye kunjo. Kamati moja ilirudisha kadi zote. Katibu alichukua moja, akaikunja mbele yangu taratibu, ikaachana vipande viwili kama biskuti.

"Haina mfupa," alisema.

"Turudi kwenye kuchana kwa mkono," nilisema. "Nitakusaidia."

"Wewe peke yako?"

Nilijaribu jioni tatu. Ya nne kulikuwa na kikao cha Bunge kilichochelewa kwisha. Mwezi uliofuata nilihamishiwa Iringa. Nilikwenda kumuaga nikiwa na gari la mizigo linaningoja nje, injini inanguruma, na sikukaa. Alinipa bahasha ya kijivu, tupu. "Utakuwa na watu wa kuwafariji huko," alisema. "Usiende na ngumi."

Mara ya mwisho nilimwona mwaka huu. Nilitumwa Mtera kuandaa kipindi kuhusu wavuvi na kupungua kwa maji ya bwawa, nikamaliza mapema kuliko nilivyopanga, na badala ya kurudi Iringa moja kwa moja nikapanda basi la kuja Dodoma. Nilijiambia nina shughuli ofisi ya zamani. Nilikuwa na tiketi ya kurudi ya saa tisa.

Mtaa umebadilika. Karibu kila nyumba sasa ina tenki lake jeusi, yamejipanga juu ya nguzo kama kofia. Geti la Katibu lilikuwa wazi kidogo. Nilibisha hodi.

"Shikamoo, Katibu."

"Marahaba. Mwandishi." Alinitazama usoni kwa muda wake. "Umekonda, na hujalala. Kaa."

Amezeeka. Mikono imeingia mikunjo ambayo hata pasi haiwezi kuinyoosha, na jicho moja lina ukungu. Lakini uwanja ulikuwa umefagiwa, bati liliegemea ukutani na karatasi sita zikikauka juu yake, na benchi lilikuwa tupu, limepanguswa, katikati pake panang'aa. Kando ya benchi palikuwa na gunia lililofunguliwa, karatasi zimegeuzwa uso chini. Blenda niliiona ndani kupitia dirishani, imefunikwa kitambaa cha kufuma, kama vile watu wanavyofunika runinga.

"Biashara je?" niliuliza.

"Ipo. Ukurasa wako niliufunga. Anayetaka kadi anakuja mwenyewe, anakaa hapo, anachana za kwake. Anayetuma bodaboda simpi."

"Wanakuja?"

Alifikiria, kama anayetafuta tarehe kwenye kalenda. "Wiki iliyopita alikuja bwana harusi mmoja. Alichana mpaka adhuhuri. Aliniambia mambo ambayo nadhani bibi harusi hajaambiwa."

"Na Mama Yeriko?"

"Amepata tenki lake. Mwanawe kamwekea. Nilikwenda kumpongeza. Maji yake yana nguvu."

Nilitazama saa yangu, na aliniona nikiitazama. Nilitaka kumwambia kuwa sikujua. Kwamba nilidhani namsaidia. Kwamba siku ile aliponiuliza kama watakuja, nilijibu kuhusu oda. Maneno yalikuwa yamejipanga vizuri, kama taarifa. Badala yake nilisema nina safari, naomba nijaze chupa yangu ya maji.

"Bomba lipo pale pale," alisema.

Nilikwenda, nikaweka beseni lililokuwa kando chini yake kama alivyokuwa anataka ili maji yasipotee, nikasimamisha chupa katikati ya beseni, nikafungua. Maji yalitoka membamba kama penseli.

Niliinama nikatazama nyuma ya nguzo ya matofali. Koki ilikuwa imegeuzwa nusu. Mpini wake ulikuwa safi, hauna vumbi wala utando wa buibui, kama kitu kinachoshikwa mara kwa mara. Nilinyoosha mkono, kisha nikaurudisha.

Nilipogeuka, Katibu alikuwa hanitazami. Alikuwa amekaa mwisho wa benchi, upande wake wa siku zote, na karatasi moja mapajani. Nyingine ameiweka upande wa pili, uso chini, mahali nilipozoea kukaa.

Nilikaa. Nilianza na upande unaokubali, nikaichana kwa urefu, taratibu, kisha kwa upana.

"Sasa nani yuko nyuma yako?" aliuliza.

"Hakuna mtu," nilisema. Na kwa kuwa nilikuwa nasubiri, nikaanza kumwambia mengine: kuhusu Iringa, kuhusu chumba ninachorudi jioni na kuwasha redio ili kuwe na sauti, kuhusu bahasha yake ya kijivu ambayo bado ninayo kwa sababu sijapata kufahamiana na watu kiasi cha kujua wanapofiwa. Alisikiliza bila kuinua kichwa, vipande vikianguka ndooni, vyake vidogo na vyangu vikubwa. Mara moja alikunja midomo.

Chupa ilijaa. Maji yakaanza kushuka pembeni yake na kuingia kwenye beseni, kwa sauti ndogo, tukaisikia wote wawili. Hakuna aliyenyanyuka.